IRAS: Darubini iliyoishi miezi kumi

Jioni ya tarehe 25 Januari 1983, kwa saa za California, roketi iliondoka kituo cha Vandenberg ikiwa imebeba darubini iitwayo IRAS. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo darubini hiyo ilikuwa imemaliza kazi. Katika miezi hiyo kumi ilipekua asilimia 96 ya anga na kuacha orodha ya vyanzo vya joto takriban 250,000. Kwa maoni yangu, ni vyombo vichache sana vya anga vilivyotufunza mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Chanzo cha habari hii ni mwaka 1800. William Herschel, akiwa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, rangi zikatawanyika, naye akapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, ndicho kilichopanda zaidi. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo infraredi. Hutolewa na kila kitu chenye joto, hata kama ni dogo: mwili wa mtu, mwamba, vumbi lililotanda kati ya nyota.

Shida ni kwamba mvuke wa maji ulio hewani huimeza sehemu kubwa ya mionzi hiyo kabla haijafika ardhini. Marekani, Uholanzi na Uingereza zikaungana kuipeleka darubini juu, umbali wa kilomita 900. Hata huko palikuwa na kikwazo. Darubini yenyewe ikiwa na joto, nayo hung'aa kwa infraredi. Ni sawa na kutafuta kimulimuli ukiwa umesimama mbele ya tanuri. Kwa hiyo kioo chake, chenye kipenyo cha sentimita 57, kilifungwa ndani ya chupa kubwa ya heliamu ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 271 chini ya sifuri. Heliamu ilikuwa ikigeuka mvuke na kutoka polepole, na hapakuwa na njia ya kuiongeza. Wahandisi walijua tangu mwanzo kwamba siku heliamu itakapoisha, darubini itapofuka.

Uvumbuzi mkubwa kuliko wote ulitokea bila kutafutwa. George Aumann na Fred Gillett walikuwa wakiipima Vega, nyota angavu iliyo miaka ya nuru 25 kutoka kwetu. Hawakuwa wakitafuta jipya hapo. Vega ilikuwa nyota ya kusawazishia vipimo, kwa kuwa mng'ao wake ulijulikana vizuri. Lakini katika mawimbi marefu ya infraredi nyota hiyo ilitoa mng'ao mkubwa mara kadhaa kuliko ilivyotarajiwa. Jambo rahisi lingekuwa kuilaumu mitambo, kurekebisha hesabu na kuendelea. Wao walirudia kupima, wakalinganisha na nyota nyingine, na ziada ikabaki palepale.

Jibu lilikuwa vumbi. Vega imezungukwa na chembe zenye baridi ya karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, zilizoenea mbali kuliko masafa ya Neptuni kutoka kwenye Jua letu. Chembe ndogo hazidumu karibu na nyota angavu namna hiyo, kwa hiyo lazima kuna miamba inayogongana na kuzalisha vumbi jipya. Hayo ni masalia ya kazi ileile iliyoziumba sayari zetu. Punde zikaongezeka nyota nyingine zenye vumbi kama hilo: Fomalhaut, Epsilon Eridani na Beta Pictoris. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile, wakiwa Chile, waliipiga picha Beta Pictoris, na sahani ya vumbi ikaonekana waziwazi. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 10 kabla ya sayari ya kwanza kugunduliwa kwenye nyota inayofanana na Jua.

IRAS iligundua pia nyota-mkia sita. Mojawapo ilipita kilomita milioni 4.7 tu kutoka duniani mwezi Mei 1983, na inabeba jina la darubini hiyo pamoja na majina ya watu wawili walioiona kila mmoja kivyake: Genichi Araki wa Japani, na George Alcock, mwalimu mstaafu wa Uingereza aliyeiona kwa darubini ya mkononi akiwa ndani ya nyumba yake, dirisha limefungwa. Galaksi zinazotoa karibu nguvu zao zote kwa infraredi, kwa sababu nyota zake changa zimefunikwa na vumbi, nazo zilifahamika vizuri kwa kazi ya IRAS. Baada ya IRAS zilifuata darubini nyingine za infraredi, zikiwemo Spitzer mwaka 2003 na Webb mwaka 2021.

Oktoba 1983, zikiwa zimebaki wiki chache heliamu iishe, Simon Green na John Davies waliona katika takwimu za IRAS asteroidi inayokwenda kasi. Iliitwa Phaethon. Fred Whipple alitambua kwamba njia yake ndiyo njia ya vimondo vya Geminidi, vinavyoonekana kila Desemba na ambavyo asili yake ilikuwa haijajulikana. Afrika Mashariki tunaviona vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, kama hakuna mawingu wala mbalamwezi kali, toka nje baada ya saa nne, kaa mbali na taa za umeme, uelekeze macho kaskazini-mashariki.