Tikiti ya Gari la Moshi

Katika lugha yetu neno tikiti lina maana mbili: ni tunda la shambani lenye maji mengi, tena ni kile cheti kinunuliwacho stesheni kabla ya kupanda gari la moshi. Tunda twalijua tangu utoto. Habari za cheti wengi wetu hatukufundishwa, nasi twaona yafaa zielezwe, kwa kuwa tumeona mara nyingi watu wakitetemeka mbele ya mkaguzi kama wezi, na hali tikiti i mkononi mwao.

Zamani, kabla ya reli, watu wa Uingereza walisafiri kwa magari ya farasi. Msafiri alikwenda kwa karani, jina lake likaandikwa kitabuni, akapewa kipande cha karatasi. Reli zilipoanza, desturi ile ikafuatwa vivyo hivyo. Lakini gari la farasi huchukua watu wachache, na gari la moshi huchukua mamia. Karani aliandika hata mkono ukafa ganzi, na wasafiri wakangoja. Tena haikuwa rahisi kujua kama fedha zote alizopokea zimewafikia wenye reli.

Aliyeiondoa taabu hiyo ni Thomas Edmondson, aliyezaliwa Lancaster mwaka 1792. Kwanza alikuwa seremala wa vyombo vya nyumbani. Biashara yake ikafilisika, na mwaka 1836 akapata kazi katika stesheni ndogo ya Milton, kwenye reli ya Newcastle na Carlisle. Huko akabuni kadi ngumu, ndogo, zilizokwisha kupigwa chapa mahali pa kutoka na mahali pa kwenda, kila kadi na namba yake kwa kufuatana. Akatengeneza na mashine ya kugonga tarehe. Wakuu wa reli ya Manchester na Leeds walipoiona kazi yake wakamwita kwao. Kisha reli nyingine zikamlipa shilingi 10 kwa mwaka kwa kila maili ya njia, ili zitumie ufundi wake. Alipopata mali aliwalipa waliokuwa wakimdai tangu kufilisika kwake.

Watu hudhani namba ile iliwekwa ili kumnasa abiria. Sivyo, kwanza ilimbana karani. Kama asubuhi kadi ya kuuzwa ni namba 200, na jioni imefika 260, basi zimeuzwa 60, na fedha za kadi 60 hazina budi kuwamo sandukuni. Kadi zikikusanywa mlangoni mwisho wa safari, nazo hulinganishwa na hesabu hiyo. Kwa hiyo anayetuomba tikiti humkagua na mwenzake wa dirishani, wala si sisi peke yetu.

Mwaka 1889 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya jambo hili. Abiria akiulizwa na mtumishi wa reli, alikuwa na njia tatu: aonyeshe tikiti, au alipe nauli tangu alikopandia, au ataje jina lake na mahali akaapo. Asipofanya hata moja, faini isiyozidi shilingi 40. Lakini sheria hiyo hiyo iliwaagiza wenye reli waandike nauli juu ya kila tikiti, wazi, isomeke. Sehemu hii ya pili husahauliwa upesi, nasi twaipenda kuliko ya kwanza. Kumbe tikiti ni mapatano, na mapatano hufunga pande mbili.

Upande wa pili ulipovunja mapatano, mambo makubwa yalitokea. Mwezi wa Juni mwaka 1893 mwanasheria kijana kutoka Bara Hindi, Mohandas Gandhi, alisafiri kutoka Durban kwenda Pretoria. Alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza, halali kabisa. Walipofika Pietermaritzburg, abiria mmoja mzungu hakutaka kukaa naye. Watumishi wa reli wakamwamuru ahamie behewa la nyuma. Akakataa. Akaitwa askari, akamshika mkono akamtoa nje, na gari likaenda zake. Ilikuwa majira ya baridi, na koti lake zito lilikuwa ndani ya mizigo iliyoshikwa na wenye reli. Akakaa usiku kucha chumbani mwa kungojea akitetemeka, akiwaza kama arudi kwao au abaki ashindane. Alibaki. Asubuhi alimpelekea simu mkuu wa reli, na jioni akaendelea na safari yake.

Kadi za Edmondson zilifika na Afrika Mashariki, na zilitumika miaka mingi. Huko Uingereza ziliachwa mwaka 1990. Katika reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, abiria huonyesha kitambulisho pamoja na tikiti. Basi lile jina la msafiri, ambalo Edmondson aliliondoa ili kumpumzisha karani, limerudi tena katika cheti.