Sungusungu: Kutoka Vijiji vya Unyamwezi hadi Mitaa ya Dar es Salaam

Ulinzi wa mtaa katika miji ya Tanzania, yaani utaratibu wa wakazi wenyewe kupokezana zamu za usiku ili nyumba zao zisivunjwe, haukubuniwa mjini wala haukutoka katika Jeshi la Polisi. Chimbuko lake ni vijijini, kwenye mpaka wa mikoa ya Shinyanga na Tabora, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa wilaya za Kahama na Nzega waliunda vikundi vilivyojiita Basalama, maana yake watu wa amani, ambavyo nchi nzima ilikuja kuvijua kwa jina la sungusungu, wadudu weusi wa jamii ya chungu wanaouma na kutembea kwa makundi.

Kilichowasukuma kilikuwa ng'ombe. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha silaha nyingi mikononi mwa raia, uchumi ulikuwa umeyumba, na wezi wa mifugo waliokuwa wakiiba kwa kuvizia sasa walikuja na bunduki. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na malalamiko ya wanavijiji yalikuwa kwamba mtuhumiwa aliyepelekwa huko alirudi kijijini kabla ya waliomkamata. Kwa hiyo kila kijiji kilijichagulia viongozi wake, akiwamo mtemi, cheo kilichochukuliwa kutoka utawala wa jadi uliofutwa baada ya uhuru, pamoja na katibu na kamanda wa vijana wenye pinde na mishale. Filimbi au yowe lilipopigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alilazimika kutoka, na aliyebaki kitandani alitozwa faini. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa hadi mpaka wa kijiji, na hapo kijiji cha pili kikazipokea.

Adhabu iliyoogopwa kuliko kipigo ilikuwa kutengwa. Mtu aliyetengwa hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, na msiba wake haukuhudhuriwa, jambo ambalo katika jamii ya wakulima wanaotegemeana kwa kila kazi ni sawa na kufukuzwa. Silaha hiyo ilikuwa na makali pande zote mbili: pamoja na wezi, vikundi hivyo viliwaandama watu walioshukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, na wapo waliopigwa na kuuawa bila shitaka lolote kuthibitishwa. Wanaousimulia ulinzi huo kama hekima tupu ya jadi hulipita jambo hili haraka mno.

Chama tawala kiliwapokea sungusungu kwa furaha, kwa kuwa walionekana kutimiza siasa ya kujitegemea. Polisi na mahakama waliwatazama kwa mashaka, na baadhi ya viongozi wa sungusungu walishitakiwa. Mvutano huo ulitulizwa na sheria ya mwaka 1989 iliyorekebisha sheria za mgambo, yaani jeshi la akiba la wananchi, na kuwapa sungusungu mamlaka ya kukamata. Mwaka uliofuata Augustino Mrema alishika Wizara ya Mambo ya Ndani, akahimiza utaratibu huo uanzishwe katika kila mtaa wa mjini.

Mjini ulikuta msingi tayari. Tangu miaka ya 1960 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikuwa imewapanga wananchi katika mashina ya nyumba kumi, kila shina likiwa na kiongozi aliyeitwa balozi, ambaye alisuluhisha ugomvi, aliandika barua za utambulisho na alitakiwa kujua mgeni aliyelala kwa nani. Daftari la balozi ndilo lililopanga zamu. Wanaume wa mashina jirani walikutana usiku wakiwa na marungu, tochi na filimbi, wakazunguka vichochoro hadi alfajiri, wakimsimamisha kila mpita njia na kumuuliza atokako na aendako. Asiyejieleza vizuri aliwekwa chini ya ulinzi hadi kupambazuke.

Hata hivyo, kilichohamia mjini kilikuwa zamu, si kutengwa. Mpangaji wa Manzese au Buguruni aliyenuniwa na majirani aliweza kuhamia chumba kingine mwisho wa mwezi, na maji aliyanunua. Isitoshe, karani aliyetakiwa ofisini asubuhi, mfanyabiashara na mjane asiye na kijana wa kiume waliona heri kulipa kuliko kukesha, na fedha hizo zikatumika kuwaajiri vijana wasio na kazi. Hapo ndipo utaratibu ulipogeuka, kwa kuwa mlinzi aliyelipwa hakuwa tena akilinda kwake, na haukupita muda mrefu kabla ya watu waliochelewa kurudi nyumbani kuanza kulalamika kwamba walinzi nao wanawatoza.

Nyumba zenyewe zilibadilika pia. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vinavyotazamana ukumbini, ua nyuma na baraza mbele, haikosi mtu macho. Nyumba za familia moja zilizoenea Mbezi na Tegeta zilijificha nyuma ya kuta, na fundi wa kuchomelea akawa na kazi ya kufunga nondo kila dirisha. Wezi nao walijibu kwa jiwe zito waliloliita fatuma, ambalo hubebwa na watu kadhaa na kurushwa mlangoni hadi bawaba zing'oke, mbinu yenye kishindo ambayo haiwezekani ila pale ambapo majirani hawatoki.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa CCM, chama kilichorithi TANU, peke yake, na shughuli za ulinzi zikaangukia serikali ya mtaa. Chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeliongoza Jeshi la Polisi kuanzia mwaka 2006, zilipewa sura mpya ya polisi jamii na ulinzi shirikishi. Kenya ilipotangaza mpango wake wa Nyumba Kumi mwishoni mwa mwaka 2013, baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, mfano ulichukuliwa Tanzania, ambako katika mitaa mingi wakati huo ulinzi wa usiku ulikwisha kuwa mchango wa fedha unaokusanywa nyumba kwa nyumba, huku mwenye nyumba na mpangaji wakibishana ni nani anayepaswa kuulipa.