Mto, Bomba na Kisima: Tarikhi ya Maji ya Kunywa ya Eldoret, Ikitazamwa Kutoka Chepkoilel

Msafiri atokaye mjini Eldoret kwa barabara ya Ziwa, akiisha kuipita mitaa ya pembezoni na kuingia katika nchi ya mahindi na ngano, hufika baada ya kilomita tisa hivi mahali paitwapo Chepkoilel, palipo leo Chuo Kikuu cha Eldoret, na karibu yake kuna mto wenye jina hilo hilo, mto mdogo usio na haraka, ambao penginepo huacha kabisa kuwa mto ukawa kinamasi cha matete. Sifa ya mji kwa habari ya maji haikutoka hapa. Ilitoka mto Sosiani, uliopewa bomba mapema, na baadaye milima ya Cherangany. Lakini nionavyo mimi, ni jambo la kufaa kuiandika tarikhi hii mtu akiwa amesimama upande wa Chepkoilel, kwani habari za maji zikiandikwa na wenye bomba huwa ni habari za mabwawa na mitambo na sherehe za ufunguzi, na wale waliokaa nje ya mpaka wa bomba, wakinywa kisimani na mtoni miaka yote hiyo, huwa kama hawakupata kuishi.

Uwanda wa Uasin Gishu umeinuka mita 2,100 na ushei juu ya bahari, na hapo kale ulikuwa malisho ya Wamaasai waliouachia jina lao, kisha ya Wanandi, na kabla ya hao waliishi watu ambao alama yao iliyobakia ni yale mashimo ya duara yaliyojengewa mawe, yanayoitwa ya Wasirikwa. Maji ya mito yake yalikuwa baridi na maangavu, na wenyeji waliyanywa bila ya shaka. Tena hawakuwa wajinga kwa kufanya hivyo, maana usafi wa mto ule ulitokana na uchache wa watu na kuhamahama kwa mifugo, na maadamu sharti hizo mbili zilidumu, mto ulijisafisha wenyewe. Mwaka 1905 walifika huko wajumbe watatu wa Chama cha Wazayuni kuikagua nchi hiyo, ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa imewaonyesha Mayahudi kuwa pengine ingewafaa kwa makazi. Wakaja wakati wa kiangazi, wakarudi na taarifa zisizopatana, na mkutano wao uliofanyika Basel mwaka huo huo ukakikataa kipawa hicho. Waliokuja kukaa ni Makaburu, ambao kundi lao kubwa, chini ya Jansen van Rensburg, liliupanda uwanda na magari ya ng'ombe mwaka 1908. Mwaka huo huo wa 1908 mji wa Jersey City, huko Marekani, ulianza kutia klorini katika maji yake yote kwa mfululizo, jambo ambalo halikuwa limefanywa bado katika mji wowote wa nchi ile. Alhasili, dawa ya maji ilikuwa tayari imekwisha kujulikana duniani kabla Eldoret haujawa na duka moja, na kila mtu aliyeugua humo baadaye kwa sababu ya maji aliugua maradhi ambayo dawa yake ilikwisha patikana.

Mji wenyewe ulianza kwa posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, ndiyo maana wenyeji wakauita Sisibo, kwa matamshi yao ya nambari hiyo. Jina la Eldoret likafuata mwaka 1912. Reli ilifika 1924, na miaka minne baadaye, yaani 1928, mji ukatiwa bomba la maji kutoka mto Sosiani. Utaratibu huu wa mambo unastahili kutazamwa: reli kwanza, maji baadaye, na umeme baada yao, mwaka 1933. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 ilikuwa imekwisha kuwajibisha serikali za mitaa kuyalinda maji ya kunywa yasichafuliwe, na kwa wakati wake ilikuwa sheria njema. Lakini mji wa kikoloni ulikuwa na namna yake ya kufasiri neno la sheria, na katika miji ya Kenya ya zama hizo bomba liliingia ndani ya nyumba ya Mzungu, likafika uani kwa mwenye duka, na kwa Mwafrika aliyefanya kazi kwa hao wawili likaishia penye mfereji mmoja wa shirika, watu wakapanga foleni na madebe yao. Maji yalikuwa ni yale yale. Kilichotofautiana ni mwendo kutoka mferejini hadi kinywani, na katika mwendo huo ndimo maji safi yaingiamo uchafu, katika debe lisilooshwa, katika kata inayopitishwa mkono kwa mkono, na katika mtungi usiofunikwa.

Watu wa pwani walikuwa wamelijua jambo la maji kwa taabu kubwa zaidi. Kipindupindu kiliifikia Unguja zaidi ya mara moja katika karne ya 19, na wabaa wa 1869 na 1870 ulimfanya tabibu James Christie, aliyekuwa akikaa huko, aandike kitabu kizima kilichochapwa London mwaka 1876. Na Seyyid Barghash, aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake, alileta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba katika siku za utawala wake. Mtu aliyesoma fikihi chuoni, kama walivyosoma wengi wa wale Waswahili waliopanda bara na misafara na baadaye na reli, alikuwa na kipimo alichofunzwa tangu utotoni, kwamba maji hutazamwa kwa sifa tatu, rangi na ladha na harufu, na ambayo hayakugeuka kwa sifa hizo ni tohara. Kipimo hicho ni sahihi kwa jambo lililokusudiwa, nalo ni ibada, na wanazuoni hawakupata kudai kwamba kinatosha kwa homa ya matumbo. Kosa lilikuwa la watu wote, wa pwani na wa bara, Waislamu na wasio Waislamu, Makaburu kwa Wanandi, walipolitumia jicho na ulimi katika jambo ambalo jicho na ulimi havina habari nalo.

Na hapo ndipo ilipo ajabu ya maji ya Eldoret, ambayo huenda mgeni asiyasadiki. Mvua za Aprili hadi Agosti zinaponyesha, maji ya Sosiani hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni; mtu akiyaona hawezi kuyanawa uso, seuze kuyanywa. Lakini maji hayo yakiingizwa katika mtambo hutiwa shabu, ile ile ambayo mama wa pwani waliitia mtungini tangu zamani, na shabu ikikorogwa kwa nguvu kidogo kisha ikaachiwa itulie, tope lililokuwa likielea hushikana likawa mabonge mepesi kama pamba, yakazama taratibu. Yaliyo juu yakapitishwa katika kitanda cha mchanga, na mwishoni yakatiwa klorini, si ya kuua vijidudu vya pale tu, bali na ya ziada kidogo, ibakie ndani ya maji kuyalinda njiani mpaka yafike bombani. Ziada hiyo ndiyo harufu ambayo watu wengi huilalamikia. Maji ya kisima, kwa upande mwingine, hutoka ardhini yakiwa maangavu, baridi, yasiyo na harufu yoyote, na mwenye kuyaonja huyasifu.

Baada ya Uhuru mji ulipanuka kuliko bomba lake. Kwenye ardhi iliyokuwa ya mashamba ikazuka mitaa ya Langas, Huruma, Munyaka na mingineyo, watu wakanunua viwanja vidogo, na kila kiwanja kikachimbwa mashimo mawili, moja la choo na moja la maji. Juu ya mashimo hayo hapakuwa na hila wala uzembe wa kipekee: hapakuwa na bomba la maji safi wala la maji machafu, na mtu mwenye kiwanja cha hatua chache hawezi kuyatenga mbali mashimo yake kuliko upana wa kiwanja chenyewe. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Langas, ambamo walihojiwa watu 192 na kuchukuliwa sampuli 40 za maji, 31 za visima vifupi, nne za visima virefu, na tano za mabomba. Watu 91 katika kila mia walitegemea visima. Vyoo vipatavyo 40 katika kila mia vilikuwa chini ya mita 15 kutoka kisimani.

Upimaji wenyewe nitaueleza, kwa kuwa wengi husikia habari za maabara kana kwamba ni habari za uganga. Huchukuliwa safu ya mirija ya kioo yenye mchuzi uliotiwa sukari ya maziwa, na ndani ya kila mrija huwekwa kimrija kidogo kilichopinduliwa mdomo chini, kimejaa mchuzi ule ule. Kisha hutiwa maji ya kisima kwa vipimo mbalimbali, na mirija ikawekwa katika joto la mwili wa mwanadamu kwa siku moja au mbili. Ikiwa katika maji yale mna vijidudu vya jamii ile itokayo matumboni, vitaila sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo itakwenda juu ndani ya kimrija kilichopinduliwa ikasimama pale kama povu dogo, ambalo hata asiyejua kusoma aweza kuliona. Inayotoa hewa hupimwa tena katika joto kali zaidi, lipatalo digrii 44, ambalo vijidudu vya kinyesi huvumilia kuliko wenziwe wa udongoni. Huko Langas visima vifupi vyote 31 vilitoa alama ya kwanza, na 97 katika kila mia vikatoa na ya pili. Katika virefu vinne, vitatu vilitoa ya kwanza na viwili ya pili. Na mabomba matano hayakutoa hata moja. Maji yaliyoanza na rangi ya chai ya maziwa ndiyo yaliyokuwa salama, na yale maangavu ndiyo yaliyokuwa na kinyesi.

Sampuli tano ni chache, nami siwezi kulijenga juu yake dai kwamba kila bomba la Eldoret ni salama kila siku, kwani bomba likikauka kwa mgao na maji yakarudi, hufyonza yaliyo nje ya nyufa zake. Lakini zatosha kuonyesha kwamba upungufu wa mji huu haukuwa wa elimu. Elimu ilikuwapo hata kabla ya mji wenyewe. Ulikuwa upungufu wa mabomba, na mabomba hupelekwa mahali kwa amri ya watu wanaojulikana walipokaa.

Mji ulipozidi kukua, maji ya Sosiani hayakutosha. Pale inapokutana Endoroto na Ellegirini, mito miwili iuzaayo Sosiani, kuna bwawa liitwalo Two Rivers. Na mwishoni mwa karne ya 20 mji ukavuka mipaka yake ukaenda kuteka huko Chebara, katika milima ya Cherangany, nchi ya Wamarakwet, ambako maji hushuka kwa uzito wake yenyewe bila ya pampu. Huduma ikatolewa mikononi mwa baraza la mji ikapewa kampuni ya maji, ndiyo ELDOWAS ijulikanayo na kila mwenye mita. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, ikataja maji safi na salama ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na utoaji wa huduma ukawa kazi ya kaunti. Hapo likaibuka shauri ambalo wakoloni hawakulipata, kwa kuwa wao walikuwa hawaombi ruhusa: viongozi wa Elgeyo Marakwet wakauliza, na wanauliza bado, mbona maji yatoke kwao yakauzwe Eldoret pasipo wao kupata fungu lao. Swali hilo ni la haki, tena lahusu usafi pia, maana mtu asiyefaidika na bwawa hana sababu kubwa ya kuacha kulima penye chanzo chake.

Na Chepkoilel? Hapo mwaka 1946 palianzishwa kituo cha kuwafunza wakulima wakubwa, yaani walowezi, wakati ambapo nyumba ya shambani ilinywa maji ya mvua kutoka bati la paa hadi tangi, au ya kisima; mwaka 1984 kikageuzwa chuo cha walimu, 1990 kikatwaliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na 2013 kikasimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Wanafunzi wa mazingira na wa elimu ya viumbe vya majini husomea kando ya kinamasi kinachopokea mbolea na dawa za mashamba yanayokizunguka, na ambacho kwa matete yake huzuia sehemu ya uchafu huo usiendelee mbele. Kila shamba linalokatwa ndani ya kinamasi hulipunguza chujio hilo. Nje ya lango, shamba la jana ni jumba la kupangisha leo. Eldoret umepewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na jiji hukua upesi kuliko mabomba yake kama ulivyokua mji, basi mwenye jumba huchimba kisima kirefu, akaweka tangi jeusi juu ya paa, akaihesabu kazi imekwisha.

Kisima kirefu huepuka mengi ya choo, lakini chaweza kuwa na tatizo lake, kwani miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa mahali pengi madini ya floridi, ambayo yakizidi miligramu moja na nusu kwa lita huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha, ambako kwa vijidudu kunatosha hata katika kimo hiki ambapo maji huchemka kwenye digrii 93 tu, kwa floridi hakuna faida, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo haipungui. Kwa hiyo anayetaka kujua anakunywa nini sharti apeleke maabarani chupa mbili: moja ya madini, ambayo yaweza kungoja, na moja ya vijidudu, iliyochemshwa kabla ya kutekewa, iliyojazwa bila ya kuguswa mdomo wake, ikawekwa katika barafu na kufika ndani ya siku moja. Mpangaji hana uwezo wa kuyadai hayo kwa mwenye nyumba, na afisa wa afya wa kaunti, ambaye sheria ile ya 1921 ingali ikimpa uwezo, ana visima vingi kuliko chupa.