Vita ya Dakika 38 Iliyoishia Dar es Salaam

Abiria wa pantoni la Kigamboni wanaijua adha hii: meli kubwa ikiwa inaingia bandarini, kivuko husubiri. Mlango wa Bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, Magogoni upande mmoja na Kigamboni upande wa pili, na meli itokayo baharini haina njia nyingine ya kuingilia. Oktoba 1896 manowari ya Kijerumani iitwayo Seeadler ilimleta katika bandari hii mtu ambaye majuma matano kabla alikuwa amekalia kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku mbili tu. Jina lake Sayyid Khalid bin Barghash. Huko alikotoka alikuwa ameacha vita ambayo Kitabu cha Rekodi cha Guinness kinaitaja kuwa fupi kuliko zote katika historia.

Rekodi za kujivunia tunazo. Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka 2022 almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, karati 11.15 baada ya kuchongwa, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57 za Marekani, na hadi siku ile hakuna almasi iliyokuwa imepata bei kubwa hivyo kwa kila karati. Hii ya Unguja ni rekodi ya namna nyingine. Watu huitaja kwenye chemshabongo, wakacheka, wakahamia swali linalofuata. Mimi naona inastahili kusimuliwa taratibu, tena na sisi wa upande huu wa bara, maana nusu ya kisa ni yetu.

Tangu mwaka 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna atakayekuwa sultani bila ridhaa yao. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Siku hiyohiyo Khalid, mtoto wa ami yake, akaingia kasri na kujitangaza mrithi. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1893 alijaribu, akaonywa, akarudi nyuma. Safari hii hakurudi. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed.

Khalid alikusanya watu wapatao 2,800, wengi wao raia wa kawaida, pamoja na askari wa kasri, watumishi na watumwa. Mizinga ikaelekezwa baharini. Miwili kati ya hiyo ilikuwa zawadi ya Kaisari wa Ujerumani kwa Sultani. Mbele yao zilitia nanga manowari tano za Kiingereza chini ya Admeri Harry Rawson, na muda waliopewa kushusha bendera ulikuwa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Saa 2 na nusu Khalid alijibu kwamba bendera yake haishuki, na kwamba haamini kama Waingereza watathubutu kufyatua.

Saa 3 na dakika 2 wakafyatua.

Sehemu kubwa ya kasri ilikuwa ya mbao. Waliokuwamo walikuwa wamejikinga kwa makasha, marobota na mipira, vitu vya ghalani visivyoweza kuzuia kombora. Mapema kabisa manowari Thrush iling'oa mmoja wa mizinga ya ufukweni. Pale bandarini ilikuwapo pia Glasgow, meli ya fahari ya Sultani iliyoagizwa enzi za Barghash, baba yake Khalid. Mabaharia wake wakaifyatulia mizinga St George, manowari kubwa ya Rawson, wakati silaha zao zilikuwa hafifu mno mbele ya chuma kile. Glasgow ikatobolewa, ikaanza kuzama. Mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, nao wakaokolewa. Kina cha maji pale kilikuwa kifupi, hivyo milingoti yake ikabaki nje, ikionekana na kila aliyefika Unguja kwa bahari, hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912.

Ilipofika saa 3 na dakika 40 bendera ya kasri ilikuwa imeangushwa na mizinga ikanyamaza. Ndiyo hizo dakika 38, ingawa wapo wanaoanza kuhesabu saa 3 kamili na kufikisha 40. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wanaume kwa wanawake. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona. Gawanya 500 kwa 38 utapata zaidi ya watu 13 kwa kila dakika. Siwezi kuwaelewa wanaoisimulia asubuhi ile kama mzaha. Alasiri yake Hamoud alikuwa sultani.

Khalid alikwishatoka kasri na kukimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani pale mjini, akiwa na wafuasi wake. Jumla yao kama watu 40. Waingereza wakaweka walinzi nje, wakadai wakabidhiwe Khalid. Wajerumani wakakataa, kwa hoja kwamba mkataba wao wa kurudishana wahalifu hauwagusi watu wa siasa. Ila wakaahidi kwamba Khalid hatakanyaga tena ardhi ya Zanzibar. Ahadi hiyo waliitimiza kwa hesabu za wavuvi. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Seeadler ilisogezwa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka ubalozini akaingia moja kwa moja kwenye mashua, na mguu wake haukugusa mchanga wa Unguja. Walinzi wa Kiingereza hawakuwa na la kufanya.

Mji aliopelekwa haukuwa mgeni kwa ukoo wake. Aliyeanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 ni Sultani Majid bin Said, baba yake mkubwa. Sasa ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani, na nadhani kwao Khalid alikuwa karata nzuri ya kushika mkononi: mtu mwenye dai la kiti, ng'ambo tu ya bahari kutoka kwa mahasimu wao. Aliishi huku karibu miaka 20.

Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyomtoa. Agosti 1914 Wajerumani walizamisha gati lao linaloelea kwenye mlango huu wa Magogoni na Kigamboni ili manowari za adui zisipite, lakini Septemba 1916 Waingereza waliutwaa mji. Katika vita hiyo wakamkamata Khalid na kumpeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kisiwa kilekile alikofia Napoleon. Baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927, katika ukanda wa pwani ambao kisheria ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar.