Imani Isiyokaa Kabatini

Ukiwa njiani huko Kitui, matatu husimama Kabati. Jumapili asubuhi soko limejaa suti, vitenge na Biblia za zipu, na spika za makanisa zinashindana. Katikati ya watu anapita punda mwenye mitungi ya njano, na nyuma yake msichana ambaye hajavaa nguo za kanisa. Anatoka mtoni. Hakuna anayemwangalia mara mbili, maana hiyo ni kawaida.

Lakini historia ya Ukambani imekuwa ikiwauliza Wakristo swali moja kwa zaidi ya miaka 150: huyo msichana na imani yako, mnajuana?

Swali lenyewe lilianza na Mkristo aliyekuwa na kiu. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Akiwa huko, mwezi wa Desemba, aliuona Mlima Kenya. Vitabu vya shule huishia hapo. Ila Krapf alirudi mwaka 1851, na safari hii msafara ulivamiwa karibu na mto Tana. Kivoi akauawa. Krapf akabaki akitangatanga nyikani. Alikuwa amejaza maji kwenye mitutu ya bunduki na kwenye mfuko wa darubini, lakini hayakutosha. Kilichomwokoa ni kelele za nyani. Alizifuata kwenye mto mkavu mpaka akakuta shimo walilochimba mchangani. Ndani mlikuwa na maji. Akamshukuru Mungu, akanywa.

Mtu aliyekuja kufundisha akafundishwa na nyani jambo ambalo kila mama wa Kikamba alilijua tayari: mto ukikauka juu, chimba.

Waliokuja baada yake walijenga vituo. Walutheri wa Ujerumani walifika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Mulango mwaka 1899. Africa Inland Mission, chini ya Peter Cameron Scott, ilianza Nzaui mwaka 1895, na Scott mwenyewe akafa mwaka uliofuata. Mara tu wakaikuta njaa kubwa ya mwishoni mwa karne, ile Wakamba wanayoiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Kwa hiyo tangu mwanzo imani hapa ilikutana na tumbo tupu.

Bado, kwa miaka mingi mkristo alijulikana kwa alichoacha. Ameacha pombe. Ameacha ngoma. Ameacha mke wa pili. Orodha ya kuacha ilikuwa ndefu, ya kufanya ilikuwa fupi. Wengi waliiona kasoro hiyo, na walitaka pia shule zaidi na viongozi wao wenyewe. Mwaka 1945 Wakamba walianzisha kanisa lao, African Brotherhood Church. Hilo neno brotherhood, yaani undugu, halikuwekwa kwa bahati mbaya.

Na undugu huo ulikuwa na jina la zamani zaidi kuliko kanisa lolote: mwethya. Shamba likikushinda, unaita majirani. Wanakuja na majembe yao, wewe unapika, na kesho ni zamu ya mwingine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na watu walichukia kazi hiyo ya amri. Katika miaka ya 1950 ilipopitia vikundi vya mwethya, mambo yakabadilika. Wengi waliochimba walikuwa wanawake, kwa sababu waume walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara. Wanawake haohao ndio waliojaza viti vya kanisa Jumapili. Ukichunguza vizuri, mwethya na ushirika vilikuwa na daftari moja la majina.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Mwaka 1978, Utooni, huko Machakos, Joshua Mukusya na familia chache za majirani walianza kikundi cha kujisaidia. Kazi yao ikajulikana kwa mabwawa ya mchanga. Mnajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikija, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake. Hadi asilimia 40 ya huo ujazo inaweza kuwa maji. Jua haliyafikii, na mchanga unayachuja. Ni shimo la nyani wa Krapf, limepanuliwa kutosha kijiji kizima.

Kitui nako shirika la SASOL, lililoanzishwa mwaka 1990, lilisaidia jamii kujenga mabwawa kama hayo kwa mamia. Mennonite Central Committee, shirika la Kikristo, lilishirikiana na Utooni. Lakini mfadhili hutoa vitu kama saruji. Mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia na siku za kazi ni za wanakijiji. Kazi hufunguliwa kwa sala, halafu majina yanaitwa. Usipokuja unalipa faini. Hakuna anayekuuliza kama umeokoka. Wanakuuliza jiwe lako liko wapi.

Yakobo aliandika jambo la namna hiyo kwenye waraka wake, kuhusu mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa kitu. Ukambani hawakuhitaji mhubiri wa kuwafafanulia. Si mbali na Kabati kuna Hospitali ya Misheni ya Muthale, ya Jimbo Katoliki la Kitui. Mgonjwa anayepelekwa huko usiku haulizi mahubiri ya wiki hii yalikuwa mazuri kiasi gani.

Sasa sisi tunaoishi mjini. Najua utakachosema, kwa sababu hata mimi nasema: mimi hutuma. M-Pesa ya mathe, M-Pesa ya mazishi, M-Pesa ya paa la kanisa. Ni vizuri, tuendelee. Ila Wakamba wana jina la njaa nyingine, ya miaka ya 1980: Nikw'a ngwete. Nafa nikiwa nimeshika. Pesa ilikuwa mkononi, chakula hakikuwepo sokoni. Jina hilo ni onyo kwa yeyote anayedhani pesa ikishatoka mfukoni wajibu umekwisha.

Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliyauliza makanisa kwa sauti kwa nini madhabahu zimekuwa majukwaa ya wanasiasa wenye bahasha. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mamilioni yaliyotolewa na Rais katika parokia ya Soweto. Wengi tulishangilia. Sawa, lakini swali linaturudia. Kama hatutaki bahasha ya mwanasiasa ihesabiwe kuwa imani, kwa nini bahasha yetu ihesabiwe?

Sisemi uache kazi urudi ushago kubeba mawe. Nasema mwethya haukuwahi kuwa wa kijijini tu. Ploti yenu ina mama anayelea mjukuu peke yake. Kuna jirani aliyefutwa kazi mwezi uliopita na hajamwambia mtu. Pale ndipo jina lako linapoitwa, na kule siku ya kuitika si Jumapili peke yake.

Jumapili nyingine ukipita Kabati, angalia msichana na punda wake. Kama safari yake ni fupi kuliko ile ya nyanya yake, ni kwa sababu watu fulani walishuka mtoni siku ya kazi, wakasali kidogo, kisha wakabeba mawe hadi jioni. Majina yao hayako kwenye kibao cha ukuta wa kanisa lolote. Maji yapo.