Kiti cha Hukumu: Kutoka Unyanyembe hadi Wizara ya Sheria

Mwalimu atakayewaongoza wanafunzi wake kwa miguu kutoka Tabora mjini hadi Kwihara atakuwa akikanyaga nchi ya njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, na ilipofika Unyanyembe ikagawanyika: tawi moja likashika Ujiji, jingine likaelekea Karagwe na Buganda. Tumezoea kuisimulia kwa pembe za ndovu, watumwa na wapagazi. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba ilikuwa pia njia ya mashauri. Hongo iliyobishaniwa, mzigo uliopotea, mpagazi aliyetoroka. Mambo kama hayo yalihitaji mwamuzi, na mwamuzi alikuwa mtemi pamoja na wazee wake.

Mwezi Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Mtemi Isike, naye, alipoona mambo yamemwishia, akaiwasha baruti yake mwenyewe. Aliyekalishwa kitini baada yake alikuwa mwanamke, Nyaso. Basi mwanamke kukaa mahali pa hukumu halikuwa jambo geni Unyanyembe. Lakini tusijidanganye: kiti alichopewa Nyaso kilikuwa kimekwisha kukatwa miguu. Waliomkalisha ndio hao hao waliomwangamiza Isike, na neno la mwisho lilitoka bomani.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti ya Ndugu Julie Manning. Wako waliomshangaa kwa kuwa ni mwanamke; sisi tunadhani walishangaa mahali pasipo pake. Jambo jipya lilikuwa njia aliyopitia. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Manning akawa mwanamke wa kwanza nchini kusomea sheria katika chuo kikuu, na baadaye mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1975 Rais Nyerere alimteua Waziri wa Sheria. Yeye na Ndugu Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza nchini kushika uwaziri kamili. Hakukalishwa na mgeni. Alikuwa amekwisha kufaulu mitihani ile ile waliyofanya wanaume.

Katiba ya mwaka 1977 ilipitishwa yeye akiwa katika wizara hiyo, aliyoishika hadi mwaka 1983. Miongoni mwa sheria alizozikuta ni ile ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyomkataza mume kumpiga mkewe na kumpa mke haki ya kumiliki mali yake. Ilikuwa sheria ya kijasiri kwa wakati wake. Hata hivyo iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi, huku mvulana akingojea miaka 18. Mabinti wangapi wa njia hii ya zamani waliacha daftari darasani kwa kifungu hicho, walimu wanajua kuliko sisi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Aliyeifungua kesi alikuwa mwanasheria mwanamke, Rebeca Gyumi.