Mistari ya manjano kwenye mahindi: ugonjwa unaobebwa na kadudu

Majani ya mahindi yakitoa mistari myembamba ya manjano au nyeupe, iliyokatikakatika, inayofuata urefu wa jani, huo ni ugonjwa wa virusi. Kwa Kifaransa unaitwa striure. Mhindi ukishikwa ungali mdogo, unadumaa na mara nyingi hautoi kitu. Ukishikwa umekwisha kukomaa, hasara ni kidogo.

Unatoka wapi?

Virusi hivi havipiti kwa mbegu wala kwa bulongo. Vinabebwa na kadudu kadogo kanakorukaruka na kunyonya maji ya majani, jina lake Cicadulina. Claude Fuller aliuandika ugonjwa huu mwaka 1901 kule Natal, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 1920, H. H. Storey akaonyesha kama ni kadudu hako kanauhamisha. Virusi vya jamii moja na hivi vinashika pia shayiri na ngano.

Kiangazi, kadudu kanakaa kwenye majani ya pori na kwenye mahindi ya mabondeni yanayomwagiliwa. Mvua ikianza, kanahamia mashamba mapya. Ndiyo maana anayepanda nyuma ya wengine ndiye anaumia zaidi.

Usichanganye na njaa ya bulongo

Mhindi uliokosa mbolea unageuka manjano kuanzia majani ya chini, kwenye ncha, katikati ya jani. Striure inaonekana kwenye majani machanga ya juu. Kuongeza urée hakuponyi virusi: ni franka zinapotea.

Cha kufanya

Dawa ya kuponya mhindi uliokwisha kushikwa hakuna. Kinga ndiyo kazi:
- Panda mapema, pamoja na majirani.
- Usipande karibu na mahindi ya kiangazi yaliyo mgonjwa.
- Palilia majani ya pori pembeni ya shamba.
- Ng'oa miche yenye mistari mapema.
- Ukinunua mbegu, uliza kama inavumilia striure. SENASEM ndiyo inahakikisha mbegu katika inchi yetu.

Lualaba inakula bunga nyingi inayotoka Zambia. Mpaka ukifungwa ao bei ikipanda, bukari inakuwa shida hata kwa nyumba ya mfanyakazi wa mgodi. Kila shamba linalookolewa hapa Fungurume ni sahani ya bukari ambayo haitangoji lori.